Gego la Kushoto

Mshonaji alikubali kwenda makumbusho kwa sababu moja tu: mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa ameshinda jikoni wiki nzima akimfundisha kukata vitunguu. Heri wakatembee.

Makumbusho ya sanaa ya mkoa yalijengwa ubavuni mwa nyumba aliyoishi mchoraji mmoja, sasa marehemu. Walianzia nyumbani kwake: kitanda chembamba, meza iliyojaa madoa ya rangi, kibao cha kukataza watu kukalia kiti. Mshonaji alibaki nyuma akitazama mapazia. Mumewe akadhani viatu vinambana.

Katika jengo jipya, mama aliyekuwa akiongoza wageni, miwani ikimning'inia kifuani, alisimama mbele ya picha kubwa ya msichana aliyeshika shavu, macho yamemlowa.

"Huyu," alisema kwa sauti ya msibani, "amebeba uchungu wa wanawake wote. Wataalamu wanasema anamlilia mpenzi wake."

"Jino," mshonaji akasema.

"Samahani?"

"Gego la chini, kushoto. Lilikuwa limeninyima usingizi siku tatu."

Wageni wote wakageuka. Mzee akaitazama picha, akamtazama mkewe, akairudia picha. Uso ukamshuka.

"Kumbe ulikuwa unakuja huku?"

"Nilileta mapazia, baba watoto. Mchoraji akaniona nimeshika shavu, akaniambia nisitikisike. Ningetikisika vipi na maumivu yale?"

"Lini hiyo?"

"Tulikuwa hatujaoana bado."

"Lakini nilishakuchumbia!"

"Ulikuwa safarini, kama kawaida yako."

Mzee akaisonta picha. "Na huyo mpenzi anayeliliwa ni nani?"

"Si nimekwambia ni jino!"

Mwongoza wageni alikuwa ameshavaa miwani, anaandika harakaharaka nyuma ya tiketi. "Halafu ikawaje, mama?"

"Akanipakia kwenye baiskeli mpaka kwa daktari, likang'olewa. Picha yenyewe sikuwahi kuiona mpaka leo." Akaisogelea, akajikagua kama anayekagua mshono. "Kumbe nilikuwa mzuri hivi! Na shavu limevimba!"

Mzee alisimama kando ya picha, mikono nyuma. Vijana wawili walipoinama kuitazama picha kwa karibu, akamwita mlinzi.

"Bwana, wekeni kamba hapa. Watu wanamsogelea mno mke wangu."