Mama wa Choo

Nilikuwa nimening'inia kwenye mlango wa lori, mguu mmoja hewani, nikimwita dereva, Okwara, afungue. Mbele yetu foleni ya malori ya mpakani Malaba ilikuwa imeanza kusonga.

Asubuhi ile ile mimi mwenyewe nilikuwa nimempitisha. Nilikuwa na miezi minne tu kazini tangu nihitimu. Katika hema letu la afya kando ya barabara niliwauliza madereva: homa? kutapika? kuharisha? Okwara alijibu "hapana" kwa sauti ya mtu aliyekaukiwa koo. Niliisikia ile sauti. Nikagonga muhuri.

Hadi leo mgonjwa akinijibu, mimi hungoja kidogo kabla ya kuandika.

Adhuhuri alinijia Petronilla, mama anayetunza choo cha madereva.

"Daktari, yule wa lori ya kijani ulimpima kweli?"

"Nilimuuliza. Alisema hana shida."

"Kumbe uliuliza mdomo." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Kwangu ameingia mara nane. Na anachotoa si choo, ni maji kama yaliyooshewa mchele."

Kipindupindu. Nilikimbilia lori lake.

Okwara alipofungua, macho yake yalikuwa yametumbukia ndani. Nilifinya ngozi ya tumbo. Ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mshipa wa mkono ulipiga kwa mbali, ukanipotea.

"Nikishuka foleni itanipita," alinong'ona. "Nimengoja siku tatu, daktari."

Petronilla alikuwa amenifuata. "Shuka, boss," alisema kutoka chini. "Lori haiharishi. Itangoja."

Tulimshusha sisi wawili. Hemani sindano ilikosa mshipa mara mbili. Mara ya tatu dripu ikaingia. Nje malori yalipita moja moja, na kwa kila moja Okwara alifumbua jicho. Nilibadilisha chupa, nikapima mapigo, nikatoka, nikarudi. Sikuweza kukaa. Alipoweza kumeza, Petronilla alimnywesha maji ya chumvi na sukari, funda kwa funda. Lakini tangu mchana hakuwa amekojoa hata tone, na niliziogopea figo zake.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi, upande wa Tororo, Okwara aliponivuta koti.

"Daktari, nasikia mkojo."

Niligeuka kwa haraka hata nikapiga ndoo teke. Petronilla alimpa chupa tupu ya kukojolea, kisha akaja kusimama kando yangu mlangoni. Tulimpa mgongo, tukatazama barabara, tukisikiliza.