Chupa ya Barafu

"Nishike mimi, mama. Hiyo chupa haina breki," alisema Marijani, pikipiki ikiinama kuingia kona ya ukungu nyuma ya pikipiki za wenzao watatu.

"Wewe una mama yako Karatu. Hii haina mtu," alijibu Hyasinta.

Alikuwa ameifunga hiyo themosi ya bati kifuani kwa kitenge, juu ya sweta mbili. Ndani, katikati ya barafu, mlikuwa na chanjo ya ng'ombe wa Endulen. Kazi yake kwa mabwana mifugo ilikuwa kufagia na kuchemsha sindano. Lakini barabara ile ilivunja kila chupa iliyofungwa kwenye keria, ndipo Josephati, mkubwa wao, akasema safari hii ipakatwe.

"Usiifungue njiani, ubaridi utatoka," alimwonya. "Kioo cha ndani kikipasuka, bati la nje litakuwa baridi. Hapo tumebeba maji tu."

Hakuhitaji kuonywa. Masika yaliyopita, chanjo iliyofika kwao Endabash ikiwa vuguvugu haikumwachia hata ndama. Hadi leo alikuwa akiamka alfajiri, kibuyu cha kukamulia mkononi, akajikuta amesimama mbele ya zizi tupu.

Petroli ilikuwa ya mgawo. Kila mteremko walizima injini, wakaserereka kimya, mmoja nyuma ya mwingine, chini ya miti yenye ndevu za kijivu. Ukungu ulipofunuka, kreta ilionekana kule chini, pana, ya buluu, kisha ikafunikwa tena. Kona zikaja, zikapita. Hyasinta alihisi kama amelala na zile kona anaziota.

Ukimya huo ndio uliowaponza, maana nyati hawakuwasikia. Walikuwa wamejaa njia nzima, weusi, wakicheua. Wa mbele wakasimama ghafla, Marijani naye akakanyaga breki, pikipiki ikalala ubavu. Hyasinta akajigeuza, akaangukia mgongo.

Nyati wakawatazama, wakaondoka polepole kama wazee wanaotoka kanisani.

"Umeumia, mama?"

"Ngoja kwanza nisikilize."

Akaitikisa chupa. Ikalia. Lakini barafu nayo hulia. Akagusa bati, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikumwambia kitu. Wanaume nao wakapapasa mmoja mmoja, mikono yao kama mawe ya mtoni.

"Twendeni," akasema Josephati. "Tutajua huko huko."

Msitu ukaisha, zikaanza nyasi na upepo. Kila shimo la njia Hyasinta aliinama juu ya chupa, mgongo ukimchoma.

Jua lilikuwa limeinama walipofika. Ng'ombe walijaa bomani. Saning'o, mwenye boma, aliwapita wanaume, macho yakaishia kifuani kwa Hyasinta. Vidole vya Hyasinta bado havikuwa vyake. Akamwendea Kaika, mke wa Saning'o, aliyekuwa anakamua.

"Mama, niazime mkono wako. Gusa hapa kwenye bati. Ni baridi?"

Kaika akafuta maziwa kwenye shuka, akapenyeza kiganja ndani ya kitenge. Akakiacha humo. Ng'ombe mmoja akalia, wengine wakaitikia.

"Lina joto," akasema. "Kama mtoto aliyelala."

"Basi kioo hakikupasuka," akasema Hyasinta, akaufunika ule mkono kwa wake. Hakufungua kitenge mpaka ndama wa kwanza aliposogezwa.