Kusomea Kunyamaza

"Huyo mwanao akimaliza, atachoma sindano au hachomi?"

Swali hilo Bi Sindano alilitupa juu ya ukuta mara moja tu, wakianika nguo, lakini mama fundi alilala nalo mwaka mzima. Bi Sindano, jirani wa mlango wa pili, alikuwa nesi miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na jina hilo hakupewa bure: mtaa mzima hapakuwa na makalio asiyoyajua. Mama fundi, mjane anayeshona sare za shule, alijua tu kwamba binti yake yuko chuo kikuu mwaka wa pili, anasoma afya na utu. Yaani magonjwa, ila pamoja na historia yake, haki na makosa yake, na maisha ya wanaougua. Watu wakimwuliza baada ya ibada, hujibu, "Anasoma afya," kisha hukohoa ili swali la pili lisipate pa kupenya. Kikohozi hicho kilimsumbua dhamiri. Mungu anajua cha kweli na cha kutengeneza.

Likizo ilipofika, Bi Sindano akaja na fomu ya chuo cha uuguzi, akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Mwisho Ijumaa. Mkuu wa pale nilimfundisha mimi kufunga bendeji. Mtoto ahamie kwenye kazi inayoonekana."

Mama fundi akamtazama binti yake. Moyoni alikwisha kukubali, na binti akaliona hilo usoni mwake.

"Nitaijaza, mama," akasema taratibu. "Ila nina kazi ya chuo. Nimsikilize mtu mmoja mwenye ugonjwa wa muda mrefu, nisimkatize wala kumshauri mpaka mwenyewe aseme amemaliza. Bi Sindano ana presha. Anipe saa moja. Akisema ni upuuzi, najaza hapa hapa mbele yenu."

Bi Sindano akacheka hadi akashika kiti. "Unapewa alama kwa kunyamaza? Mimi wagonjwa wangu walinyamaza wao!"

Hata hivyo akaketi, maana mtu akishatoka nyumbani amevaa viatu hapendi kurudi bila ushindi.

"Jina lako sitaliandika," binti akasema. "Mama atoke?"

"Abaki. Akitoka si atasikilizia dirishani?"

Mama fundi akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa jambo alilokuwa amelipanga kweli.

Binti akafungua daftari. "Presha imekuwaje kwako, bibi?"

"Presha ni presha. Namba ya juu, namba ya chini. Basi."

Binti hakusema kitu. Bi Sindano naye hakusema kitu. Ukimya ukawa mrefu kama foleni ya kliniki. Mama fundi akaona aibu, akafungua mdomo amwokoe mwanawe, lakini binti akainua kidole kimoja bila hata kumtazama. Mama fundi akaufumba mdomo, na kipande cha uzi alichokuwa amekiuma kikateremka tumboni.

Bi Sindano hakuzoea kunyamaziwa. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Si kwamba ni rahisi," akaanza. "Yule msichana wa dirishani pale kliniki nilimfundisha mimi mwenyewe. Sasa ananiona kabisa, ananitazama usoni, halafu anaita, 'Namba arobaini na tatu!' Mimi! Na vile vidonge vyenyewe vinakukimbiza chooni kila mara. Wewe unajua nakaa benchi la mbele kwenye ibada. Siku moja niliinuka mara nne. Mara nne! Mwisho watu wakawa wananipisha kabla sijainuka."

Mama fundi akainamia mshono wake. Alikuwa miongoni mwa waliopisha.

"Kwa hiyo?" likamponyoka. Kidole kikainuka tena.

"Kwa hiyo nikaacha." Bi Sindano akafungua mkoba, akatoa kopo la poda, akalitikisa. Lilikuwa limejaa vidonge. "Miezi saba. Kila mwezi nachukua, maana nisipochukua watajua. Wananiuliza, 'Unameza?' Nasema, 'Nameza.'"

Mama fundi alibaki ameshika mkasi hewani. Huyu huyu ndiye aliyekuwa akimfumbua marehemu baba wa binti huyu mdomo kwa kijiko, kuhakikisha kidonge kimeteremka!

"Kuna kingine?" binti akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi naomba nikusomee, unirekebishe nilipokosea."

Akasoma polepole, kwa maneno yale yale: namba arobaini na tatu, benchi la mbele, mara nne, kopo. Bi Sindano alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama anayesimuliwa habari za mtu wa mtaa mwingine, na alianza hata kumwonea huruma.

"Huyo mgonjwa," akasema mwishoni, "mbona hakuna aliyemwuliza kwa nini?"

Mama fundi akaona shingo ya jirani yake ikilegea, kama mtu anayehesabu midomo aliyoifumbua kwa kijiko.

"Sasa ninaweza kusema," binti akasema. "Mimi si daktari, bibi. Usivianze tena mwenyewe. Mweleze daktari yote haya leo, hata na habari ya benchi. Huenda akabadili dawa, au saa ya kuimeza."

Mama fundi hakuweza kungoja zaidi. Fomu ilikuwa pale mezani, kalamu juu yake, na mwanawe alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

"Jirani," akauliza, na safari hii hakukohoa, "ni upuuzi?"

Bi Sindano akasimama. Akafunika kopo, akalirudisha mkobani. Akaichukua fomu, akaikunja mara nne, akaishindilia juu ya kopo, akafunga zipu. Akatoka, na alipofika getini hakukata kushoto kwenda kwake. Alikata kulia, njia ya kliniki.