Barabara ya Germana

Alfonce hakuwa mtu wa mikutano. Mikutano ya mtaa, alikuwa akisema, ni ya watu ambao mizabibu yao imekauka. Kwa hiyo siku mwenyekiti Bartolomayo alipowaita wakazi wa mtaa wao, huku upande wa juu wa Makutupora, waje kuzipa barabara zao majina, Alfonce alipanda pikapu yake akaenda mnadani Chemba kutazama ng'ombe. Aliacha ujumbe tu: barabara inayopita kwake inajulikana ni ya nani, wasijisumbue kuijadili. Ujinga wa mwenye mali huwa mkubwa kuliko wa maskini, kwa sababu hakuna wa kumkatiza.

Restuta alikwenda mkutanoni, tena mapema, akakaa mbele.

Huyu Restuta alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa uwele na karanga, na shamba lake lilipakana na nyumba ya Alfonce kwa upande wa nyuma. Mdogo wake wa tumbo moja, Germana, ndiye aliyeishi na Alfonce tangu Alfonce hana hata baiskeli. Germana ndiye aliyeleta mizabibu ya kwanza mtaani pale. Aliichimbia mashimo kwa mikono yake, na iliposhika akawagawia majirani vipando bila kumnyima mtu. Hakuna shamba la zabibu mtaani lisilokuwa na shina lililotoka mkononi mwake. Kisha akaugua. Ugonjwa ulipokataa kuondoka, Alfonce aliliburuta godoro lake akaliweka nje ya geti, naye Germana akalifuata akitambaa. Restuta alimbeba mgongoni hadi kwake, akamuuguza, akamfumba macho.

Lakini hata hilo Restuta angeweza kulimeza. Asichoweza kukimeza kilitokea makaburini. Wazee walimwita Alfonce atangulie kutia udongo, maana kwa desturi yao mume ndiye hutangulia. Alfonce alisogea, akatazama kaburi, akasema mbele ya watu wote, "Mimi si mume. Mahari haikwisha. Huyu alikuwa kibarua wangu wa shambani."

Kibarua! Mwanamke aliyempikia, aliyemfulia, aliyemtajirisha! Na watu waliinamisha vichwa wakatazama viatu vyao, kwa kuwa Alfonce ndiye aliyenunua zabibu za mtaa mzima. Restuta akachota udongo, akatangulia yeye. Tangu siku hiyo aliishi kwa ajili ya kitu kimoja tu, kwamba Alfonce ayarudishe maneno yale kinywani mwake, mbele ya watu walewale. Subira huvuta heri, husema watu wema. Subira ya Restuta ilikuwa inavuta kitu kingine.

Pale mkutanoni, Joha, afisa kutoka kata, alisimama kueleza anwani mpya. Alisema postikodi ni tarakimu tano na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya kanda na ya pili ni ya mkoa, ndiyo maana watu wa Dodoma wote wanaanza na 41. Ya tatu ni ya wilaya. Mbili za mwisho ni za kata.

"Kwa hiyo kata nzima ni namba moja?" aliuliza mzee Matonya.

"Moja, mzee wangu."

"Mimi na Alfonce?"

"Namba ileile."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Matonya akakaa chini ameridhika kana kwamba ameongezewa ekari.

"Kinachowatenganisha ni jina la barabara na namba ya nyumba," Joha akaendelea. "Na namba inafuata mlango. Geti lako likitazama barabara hii, wewe ni wa barabara hii, hata kama ukuta wako umezunguka barabara nne."

Walipofika kwenye barabara inayopita kwa Alfonce, mwenyekiti Bartolomayo alikohoa. Alisema hii nadhani haina mjadala. Restuta akanyanyuka.

"Ina mjadala," alisema. "Naomba iitwe Barabara ya Germana."

Hakueleza sana. Aliwaambia waende nyumbani wakatazame mizabibu yao, kisha waje wamwambie nani aliwapa vipando. Akakaa. Mzee Matonya alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, labda kwa ile raha ya kulingana na tajiri. Wakafuata wanawake, kisha wanaume, mmojammoja, huku wakikwepana macho. Kumpinga Alfonce akiwepo walikuwa hawawezi. Alfonce alikuwa Chemba.

Alirudi baada ya siku kadhaa akakuta kibao kimeshasimama kwenye kona ya ukuta wake: Barabara ya Germana. Na juu ya geti lake, namba 7.

Aling'aka, akatukana, akaenda kwa Bartolomayo. Bartolomayo, ambaye alishaonja ladha ya kuwa upande wa wengi, alimjibu kwa upole kwamba jina limepitishwa na mkutano na limeshaingizwa kwenye mfumo. Basi mateso yakaanza. Dereva wa lori la zabibu akipiga simu: "Bosi, nimeandikiwa Barabara ya Germana, ndiyo hapo?" Mtu wa vifurushi: "Kwa Germana, siyo?" Mnunuzi wa Dar es Salaam aliyetaka kumtumia mashine akamuuliza kwa heshima kama huyo Germana alikuwa bibi yake. Kwa miaka zaidi ya ishirini tangu maziko jina lile halikutamkwa nyumbani kwake. Sasa likawa linaingia kwa simu asubuhi, mchana na jioni, naye hana budi kuitikia, "Ndiyo, hapohapo."

Kila aliposikia habari hizo, Restuta alifurahi. Tusimsingizie huruma ambayo hakuwa nayo. Alifurahi hadi akanenepa.

Aliyeumia zaidi ni Anitha, mke wa sasa. "Uliniambia alikuwa kibarua," alimwambia mumewe. "Mimi nimeolewa kwa ndoa ya kanisani, nikae barabara ya kibarua? Na kadi za Hana ziandikwe hivyo?" Binti yao Hana alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa watu wazito kutoka Mwanza. Hapo Alfonce akakumbuka yale aliyosimuliwa ya mkutanoni, kwamba namba inafuata mlango. Akajiona mjanja. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na njia ya miguu iliyopita hadi barabara kubwa. Akiziba geti la mbele na kufungua la nyuma, atakuwa ametoka kwa Germana bila kuhama hata chumba kimoja. Akachapisha kadi kabisa: Njia ya Alfonce, namba 1. Postikodi aliiacha, maana hata angehamisha geti mara mia bado angekuwa kata ileile na mzee Matonya.

Mafundi wakaja. Wakang'oa geti la mbele, wakajenga tofali hadi juu, wakapiga lipu. Nyuma wakaweka geti jipya jeusi, pana, la kupitisha lori. Restuta alikuwa shambani kwake akipalilia karanga, hatua chache tu kutoka pale, na mafundi walimsalimia, naye akawapa pole ya kazi. Alfonce alimwona. Hakumuuliza neno. Kwake yeye Restuta alikuwa sehemu ya mandhari, kama kichuguu.

Kosa lilikuwa hapo. Ile njia haikuwa ya mtaa. Ilikuwa imekatiza ndani ya shamba la Restuta, na watu walipita kwa hisani tu, kama wanavyopita watu wa huku katika shamba la jirani wakati mazao ni machanga. Mtu yeyote aliyekuwa akipita pale kwa miguu alilijua hilo. Lakini Alfonce alishasahau kutembea kwa miguu.

Restuta alisubiri lipu ikauke. Kisha akawaita wapwa zake, wakakata matawi ya miiba, ile miiba mirefu wanayozungushia mazizi, wakaipanga mpakani mbele ya geti jeusi, tabaka juu ya tabaka, hadi kimo cha mtu. Zabibu zilikuwa zimeiva. Makreti yalikuwa yamejaa uani kwa Alfonce, na nyigu walishapata habari.

Alfonce akatoka, akatazama miiba, akatazama ukuta wake mpya usio na mlango. Ndipo akavuka ule ua wa miiba kwa ngazi, suruali yake nzuri ikachanika, akaja hadi kwa Restuta.

"Shemeji," alisema, "hebu tuzungumze kama ndugu."

Restuta hakuinua kichwa kwenye karanga zake. "Shemeji kwa nani? Vibarua hawana mashemeji."

"Ya kale hayo, Restuta. Zabibu zinaoza."

"Nazisikia harufu. Itisha mkutano. Mimi njia sitoi kwa kificho, chooni wala vichakani. Nitakujibu mbele ya watu."

Na Alfonce, asiyekuwa mtu wa mikutano, akaenda kumwomba Bartolomayo aitishe mkutano.

Watu walijaa kuliko siku ya kutoa majina. Joha wa kata alikuwepo. Alieleza kwamba njia iliyo ndani ya shamba la mtu haipewi jina wala kibao kama mwenye shamba hajaridhia. Basi macho yote yakamgeukia Restuta.

"Nina swali moja kwa Alfonce," alisema. "Akinijibu, nami nitatoa jibu langu. Germana alikuwa nani kwako?"

Alfonce akazungusha kofia yake mkononi. Alisema Germana alikuwa mtu mwema. Mchapakazi. Mtu wa watu.

"Sikuuliza tabia yake. Nimeuliza alikuwa nani kwako."

Nyuma, Anitha alikuwa amekaza midomo. Kadi zilishachapishwa, zabibu zilikuwa zinachuruzika, na wakwe walikuwa njiani. Restuta aliyaona yote hayo yakipita usoni pa yule mwanaume, akayafurahia moja baada ya jingine.

"Alikuwa mke wangu," Alfonce alisema.

"Watu wa nyuma hawajasikia."

"Germana alikuwa mke wangu! Niliishi naye kama mke. Na siku ya maziko nilisema uongo, kwa kuogopa kudaiwa mahari na ukoo wenu. Haya, umeridhika? Nipe njia."

Hakuna aliyepiga makofi. Wale waliotazama viatu vyao makaburini walivitazama tena. Mzee Matonya alivua kofia. Restuta alihisi kitu kikimtoka kifuani, kitu kizito alichokibeba muda mrefu mpaka akadhani ni sehemu ya mwili wake.

"Nashukuru," alisema. "Sasa nakupa jibu. Kama angekuwa kibarua wako, ningekuelewa. Tajiri ana haki ya kuona aibu kukaa barabara ya kibarua, na mimi ningekuhurumia nikakupa njia. Lakini umesema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ni mkeo. Tangu lini mume akaona aibu kukaa barabara ya mkewe? Huna haja ya njia yangu, shemeji. Nenda ukabomoe ukuta."

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Kikawapata wanaume, kikampata hata Bartolomayo, aliyejifanya anakohoa. Alichokuwa nacho Alfonce cha kumlipa Restuta alishakitoa, na hakirudi.

Alibomoa siku hiyohiyo. Mafundi walikuwa wameshakwenda kazi nyingine, na vibarua wake wote walikuwa wanakata zabibu, kwa hiyo nyundo aliishika mwenyewe. Mtaa mzima ulisimama barabarani ukatazama. Bado tofali hazijashuka nusu, simu yake ikalia. Ilikuwa ya dereva wa lori, mgeni, amepotea. Alfonce akajifuta vumbi mdomoni.

"Njoo Barabara ya Germana," alisema.

Dereva akauliza kitu.

"Germana," akasema tena, kwa sauti zaidi. "Ni mke wangu. Marehemu mke wangu. Njoo, nipo nje."

Padre mmoja alimwambia Restuta baadaye kwamba sasa amsamehe, haki imeshatendeka. Restuta alisema atalifikiria. Siku ile yenyewe hakufikiria kitu. Alipita katikati ya watu akarudi kwake kupika mlenda, na njiani akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo, kwa sababu maneno yote yale yalikuwa yamesemwa, lakini Germana hakusikia hata moja.