Koki ya Pikipiki ya Luhende

Ninyi mnaonunua pikipiki na kuzilaza ndani, someni haya. Mimi si fundi, niliishia darasa la nne, lakini harufu ya petroli naijua.

Mwanangu Luhende ni bwana shamba. Mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku jirani na Nyasura, alinunua pikipiki mpya Musoma ili azungukie mashamba ya pamba, leo Kibara, kesho Butiama. Fundi alimwambia: ukisimama, funga koki ya petroli. Ukirudi safari, futa chujio la hewa, tazama cheni, kaza nati, maana pikipiki mpya hulegea ikianza kuzoea barabara. Hayo alinisimulia mwenyewe, anacheka.

"Mama, kitu kipya nikikaze nini? Huko kiwandani walilala?"

Nyumbani kwetu ndama wa kununua analalaga ndani na watu mpaka azoee boma. Pikipiki nayo akaifanya hivyo. Chumba cha ndani kilijaa pamba ya shamba la kijiji, tunasubiri lori la ushirika, ghala lenyewe halijaezekwa. Stendi ikazama kwenye sakafu ya udongo, basi akaiegemeza kwenye magunia ya pamba yaliyopangwa ukutani, rangi isichubuke. Nyuma ya ukuta huo walilala mkewe Tereza na watoto.

Tangu hapo sikukaa. Nikichambua dagaa, nainuka. Nikisonga ugali, nauacha mwiko. Nasukuma mlango, nanusa.

"Luhende, inanuka."

"Harufu ya upya hiyo, mama."

"Koki umefunga?"

"Nikuletee spana, fundi?"

Tereza akacheka. Na mimi nikacheka, mdomo tu.

Usiku mmoja, watoto wameshalala, akaja shemeji Wanzagi, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Mkono mmoja fimbo, mwingine kibatari kinawaka. Sasa mjue, katika ukoo wetu kumzimia taa mkubwa aliyekuja kwako ni kumwambia siku zake zimekwisha. Hata mtoto hathubutu.

"Hodi. Nimekuja kumwona ng'ombe wenu wa chuma."

"Karibu shemeji. Taa uiache nje."

"Nimwone kwa pua?"

"Njoo kesho, jua likitoka."

"Mama Luhende, mimi ndiye niliyetoa ng'ombe ukaolewa. Leo unanipangia saa ya kuingia?"

"Mama, mpishe baba mkubwa," Luhende akasema nyuma yangu.

Wanzagi alishatia mguu mlangoni. Upepo ulilaza ule moto kuelekea ndani, kwenye pamba. Nikapuliza.

Giza. Halafu nikamsikia Wanzagi, sauti ya chini.

"Umenizika, Mama Luhende."

Akaondoka anapapasa njia kwa fimbo.

Luhende alikuwa hajawahi kunikaripia, siku hiyo alinikaripia. "Umetuaibisha kwa ajili ya harufu?" Nilimshika mkono nikauingiza chini ya gunia. Ukatoka umelowa. Akaunusa. Akapapasa koki gizani.

"Iko wazi," akasema, kama mtoto.

Pikipiki ikilala upande huku koki iko wazi, petroli inachuruzika kutoka kwenye kabureta, na hakuna anayeisikia. Ilikuwa imelowesha magunia hadi ukutani kwa watoto. Tuliwaamsha, tukatoa kila kitu nje bila taa, tunagongana.

Kulipokucha Luhende aliweka jiwe bapa chini ya stendi, nje. Akafunga koki, akaanza kukaza. Nati ya gurudumu la nyuma aliizungusha kwa vidole tu, na cheni ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Safari ya Kibara alikuwa amekwenda nayo hivyo hivyo.

Kisha akachukua konzi ya pamba iliyolowa akampelekea baba yake mkubwa. Mzee akainusa, akasema, "Nimeelewa. Lakini taa yangu imezimwa."

Mpaka leo hajaingia kwangu. Mwezi huu anakohoa, na watu wakinikuta kisimani wanapunguza maneno. Nampelekea uji, unarudi na bakuli lake.

Luhende siku hizi anafunga koki, anakaza nati, na pikipiki haivuki kizingiti. Mimi bado nikisikia imezima uani, natoka. Nainama, naishika ile koki kwa mkono wangu.