Fuvu Limeshashika

Mama Dobi alikuwa anakunja shuka za wateja aliposikia sauti ya binti yake chumbani, akiongea na simu.

"Fuvu nimeshalichoma, limeshika vizuri. Limebaki jicho. Jicho nitalichoma kesho, maana Jumamosi wazee wote wanakutana, na kila mmoja lazima aje na koti lake."

Shuka ikamponyoka. Fuvu! Jicho! Wazee gani hao?

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanawe wa pekee, na mwezi wa tatu sasa alikuwa anajifunza kazi kwa fundi wa kutarizi, mtaa wa pili. Kila jioni alirudi na masimulizi: sindano imevunjika, mteja kagomba, fundi kaahidi kwamba koti moja alilompa alishughulikie likitoka safi, atamkalisha kwenye mashine kubwa. Habari za mafuvu hakuzisema hata siku moja.

Binti alipotoka kwenda dukani, mama akanyata hadi chumbani. Nyuma ya mlango lilining'inia koti jeusi la jinzi, la kiume. Mgongoni, fuvu limevaa taji la maua. Begani, radi inapasua mlima. Kifuani, farasi asiye na kichwa. Na mezani, kiraka kingine peke yake: jicho jekundu lenye ndimi za moto, linamtazama kama linamjua. Alilishika kwa ncha za vidole, akaligeuza. Nyuma lilikuwa linang'aa, kama limepakwa kitu.

Mbio kwa jirani, yule ambaye mtaa mzima unamwita Redio.

"Wazee? Jumamosi? Kila mtu na koti lake?" Redio akashika kiuno. "Shoga, hicho ni chama. Wanaanza na nguo, wanamaliza na mwili. Watamchoma alama mwanao kama ng'ombe!"

"Basi nimuulize."

"Umuulize? Utamshtua, azidi kuficha. Dalili ya mvua ni mawingu, na wewe umeshalowa!"

Mzazi mwenzangu unayesoma, hapo ndipo pa kusimama. Mama Dobi hakusimama. Miaka ishirini ya kunyoosha nguo za watu ilikuwa imemfundisha kwamba kilichoshikishwa kwa moto, moto huohuo hukibandua. Akawasha pasi, akatandika kitambaa kibichi, akakandamiza, akavuta. Fuvu likatoka na utando wa gundi. Radi ikafuata. Farasi aling'ang'ania, mama akamnyofoa hadi nyuzi zikafumuka. Vyote, pamoja na jicho, akavitumbukiza kwenye ndoo ya dawa ya madoa.

Binti alimkuta bado ana pasi mkononi.

"Mama... koti la watu umelifanyaje?"

"La watu gani? Nani anakuchoma wewe? Vua shati nione mgongo!"

"Nani anichome? Kuchoma ni kubandika kiraka kwa pasi! Pale kwa fundi ndivyo tunavyosema." Akainamia ndoo. "Hizi ni picha za majalada ya santuri, mama. Santuri za roki za zamani. Wale wazee wanakutana kusikiliza muziki, kila mmoja na jalada alilolipenda ujanani. Mwenye koti ni dereva mstaafu, ana wajukuu saba!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ulione likiisha."

Walikwenda wote kwa fundi, mama ndiye kabeba ndoo. Alieleza mwenyewe, hakumsukumia mtu, hata Redio hakumtaja. Fundi akachungulia: jicho limekuwa jeupe pe, kama la samaki aliyechemshwa.

"Pasi yako ina adabu, mama, kitambaa hakikuungua," alisema. "Lakini hizi ni wiki tatu za nyuzi. Koti la Jumamosi likitoka Jumapili halina kazi."

Binti hakufukuzwa. Ila kwenye mashine kubwa akakalishwa mwanafunzi mwenzake.

Binti hana kinyongo cha kuonekana. Anaamkia, anachota maji, anasaidia kukunja shuka. Ila akiulizwa, "Leo mmeshona nini, mwanangu?" anajibu, "Nguo tu, mama," na kuondoka zake.

Redio anasema hiyo nayo ni dalili.