Mashine ya Kufungulia Chupa ya Bibi

Darasani walimwita Mhandisi, tena kwa kejeli, lakini yeye alilipokea jina hilo kama haki yake. Katika karakana ya ubunifu ya shule hakumwona wa kulingana naye. Kulikuwa na watu waliopaka rangi katoni wakaiita roboti. Wengine waliachiwa printa ya kuchapa vitu vya plastiki, chombo cha maana kabisa, wakaona heri wachape vishikio vya funguo vyenye majina yao. Ukutani mwalimu wa karakana alibandika maandishi makubwa: HAPA HAKUNA JIBU BAYA. Kila alipoyasoma, Mhandisi alisonya. Majibu mabaya yalijaa tele humo ndani, na mengine yalikuwa yamevaa sare za shule.

Kundi alilopangiwa ndilo lililomchefua zaidi. Alipewa Spika, msichana mwenye mdomo mrefu asiyejua hata bisibisi inashikwa upande gani, na Gundi, mvulana mpole aliyetibu kila kitu kwa gundi ya moto. Aliwavumilia kwa sababu moja tu. Kiongozi wa mradi utakaoshinda angekabidhiwa ufunguo wa karakana kwa mwaka mzima, aingie atakapo, afanye kazi zake mwenyewe. Mhandisi aliutaka ufunguo ule mpaka akawa anauota. Angejifungia humo bila Spika, bila Gundi, bila mwalimu na vikaratasi vyake vya rangi vya kubandikia mawazo.

Mwalimu alikuwa na sharti lake. Kabla ya kugusa kifaa chochote, kila kundi lilipaswa kumtafuta mtu mwenye shida ya kweli, likae naye na kumsikiliza. Makundi mengine yalihangaika mitaani yakibisha hodi. Mtu wa Mhandisi alikuwa nyumbani kwao. Bibi yake, mama mzaa baba, alimwita kila jioni kutoka chumba cha pili: "Mjukuu wangu, njoo unifungulie chupa ya dawa ya kuchua. Vidole vimegoma."

"Tunatengeneza mashine ya kufungua vifuniko," Mhandisi aliwatangazia wenzake.

"Basi twende tukamwone bibi," Gundi akasema.

"Ya nini? Nimeshaongea naye."

Hakuwa amemuuliza hata neno kuhusu shida yake. Ukuta mmoja tu ndio uliowatenganisha, lakini aliona ni kupoteza muda. Mtu unayemfungulia chupa kila siku utamuuliza nini zaidi? Gundi hakukoma. Mara alitaka kujua bibi anajichua akiwa amekaa kitini au kitandani, mara ni mkono gani una nguvu.

"Wewe shika gundi yako," alijibiwa.

Waling'oa mota kwenye blenda mbovu, wakachapa meno ya plastiki ya kubana kifuniko, na Mhandisi akachora jinsi nyaya zitakavyopita. Gundi alizifunga. Spika alikariri hotuba. Mashine ilipokamilika ilipendeza kweli, na Mhandisi alihakikisha kila mtu anajua kichwa kilichoizaa ni cha nani.

Siku ya maonyesho kulikuwa na sharti jingine: mwenye shida aje mwenyewe. Bibi akaja na gauni lake la kutokea, Gundi akamtafutia kiti chenye mto. Waamuzi wawili walisimama mbele ya meza. Spika akafungua bomba lake la maneno, akaeleza habari za wazee wetu wanaoteseka kimyakimya, na bibi akageuka nyuma kutazama ni wazee gani hao.

Mhandisi akabonyeza kitufe. Mashine iliguna, ikakikamata kifuniko vizuri, ikakizungusha upande wa kukikaza.

"Bure kabisa wewe," alimwambia Gundi, kwa sauti ambayo waamuzi waliisikia. "Kazi ya mtoto wa chekechea, bado unaiharibu."

"Nilifuata mchoro wako," Gundi akasema, macho chini.

"Mwacheni mtoto wa watu," bibi akasema. Alijiinua kitini, akaichomoa chupa kwenye meno ya mashine, akazungusha mara moja. Kifuniko kikatoka. Watu wakacheka na kupiga makofi.

"Kumbe unaweza, bibi?" mwamuzi mmoja akauliza.

"Hii? Mchana wao wakiwa shule, nani ananifungulia?"

"Sasa jioni unamwitia nini mjukuu wako?"

Bibi alikigeuzageuza kifuniko mkononi kama mtu aliyefumaniwa. Hakumtazama Mhandisi.

"Akija kufungua, anakaa kidogo," akasema. "Ananisimulia ya shule, jinsi watu wote huku walivyo wajinga. Nisipomwita, haji."

Gundi akajishughulisha kukunja waya. Mhandisi alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikujali.

Ufunguo walipewa wale wa katoni. Roboti yao ilikuwa inamkumbusha mama mmoja mwenye duka kuzima jiko lake, na mama huyo alisimama mwenyewe akasema wale watoto walishinda dukani kwake mpaka akawazoea. Mhandisi alitafuta neno la kuwadharau, akalikosa.

Jioni hiyo aliacha mlango wa chumba chake wazi. Alijiona hana maana, na alitaka kwenda kusema hivyo, ila miguu ilingoja kuitwa kama ilivyozoea. Akasikia bibi akikohoa. Akasikia droo ikivutwa. Kisha kifuniko kikazunguka taratibu, na harufu ya dawa ya kuchua ikamfikia pale alipokaa.